Kanisa moja, mabenchi ya pande mbili: je, tugawe ibada kwa lugha?

*"Mimi ni mzee wa kanisa katika mji mdogo wa kaunti ya Nakuru, mama wa miaka 58. Ushirika wetu una Wakikuyu na Wakalenjin karibu nusu kwa nusu, pamoja na wachache wa makabila mengine. Tangu ghasia za baada ya uchaguzi, mwanzoni mwa 2008, tumeendelea kuabudu pamoja, lakini ukiingia utaona mwenyewe: Wakalenjin hukaa upande wa madirisha, sisi Wakikuyu upande wa mlango, na ibada ikiisha kila upande husimama chini ya mti wake. Sasa halmashauri imeletewa pendekezo la kuwa na ibada mbili, kila moja kwa lugha ya mama, 'ili watu wawe huru'. Mchungaji anasema tuombe tu na tusifukue mambo ya kale. Nami nina jambo ninaloona haya kulisema. Nyumba yetu ilichomwa Januari 2008, na Jumapili ya Meza ya Bwana mzee anayenipitishia kikombe ni mtu wa upande ule. Sijui kama alikuwepo. Mkono wangu hutetemeka. Je, mimi si Mkristo? Na kugawa ibada, je, ni dhambi au ni busara?"*

Mama, nakushukuru kwa barua yako, na hasa kwa habari ya mkono unaotetemeka, kwa maana wengi wanaoniandikia kuhusu umoja wa kanisa huniandikia makosa ya wengine. Umeuliza kuhusu ibada mbili, kuhusu kunyamaza, na kuhusu kikombe. Naamini kinachokunyima usingizi ni kikombe, lakini niruhusu nianze na mabenchi, kwa sababu mkono wako na mabenchi yale ni habari moja.

Kwanza niondoe dhana moja ambayo bila shaka umeisikia mimbarani mara nyingi: kwamba tungekuwa tumeokoka kweli, ukabila usingekuwepo, na kwa hiyo dawa yake ni maombi zaidi na semina zaidi. Ingekuwa hivyo, Rwanda isingepata yaliyoipata mwaka 1994. Ile ilikuwa nchi ambayo wengi wa watu wake walikuwa wamebatizwa, na uamsho ulioanzia huko Gahini katika miaka ya 1930 ndio uliotuletea pambio la Tukutendereza ambalo nina hakika mmeimba mwezi huu. Hata hivyo watu waliokimbilia makanisani Ntarama, Nyamata na Nyarubuye waliuawa humo humo, na baadhi ya wauaji walikuwa waumini wenzao. Bidii ya dini peke yake haibomoi ukuta. Huweza kuimba juu yake.

Lakini weka kando ya hayo habari nyingine, ya Burundi. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 watu wenye silaha waliingia katika seminari ndogo ya Buta, wakawaamuru vijana wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande ule. Vijana walikataa, na 40 kati yao wakauawa. Ninapoisoma habari hiyo sijiulizi walipata wapi ujasiri asubuhi ile, kwa kuwa ujasiri wa namna ile hauokotwi kwa asubuhi moja. Walikuwa wamelelewa katika nyumba ambamo walikula, walisali na kulala pamoja, na ambamo vita vilivyokuwa vikiendelea nje vilizungumzwa waziwazi badala ya kufunikwa. Walipoambiwa wajitenge hawakuwa na desturi ya kujitenga. Ninyi, mama, mnayo, na mmekuwa mkiizoeza kila Jumapili kwa miaka mingi bila mtu yeyote kukusudia ubaya.

Desturi hiyo haikuanza 2008. Mwanzoni mwa karne ya 20 mashirika ya kimisionari yaliyofika nchi hii yaligawana maeneo ili yasigombanie waongofu: Wapresbiteri wa Scotland wakajikita zaidi Ukikuyuni, Wamethodisti Pwani na Meru, Misheni ya Afrika Inland Ukambani na Bondeni, yaani Bonde la Ufa, miongoni mwa Wakalenjin, Waquaker Kaimosi kwa Waluhya tangu 1902, na Waadventista kule Kisii na Nyanza Kusini. Mwaka 1913 walikutana pale Kikuyu kutafuta namna ya kuungana, wakashiriki hata Meza ya Bwana pamoja, na Askofu Mwanglikana Frank Weston wa Zanzibar akawashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi kwa sababu ya mapatano yale. Umoja ule haukufika mbali. Mgawanyo wa maeneo ndio uliodumu. Ndiyo maana hadi leo Mkenya akitajiwa dhehebu hukisia kabila, na mara nyingi hapotei. Jambo la kuchekesha, kama lingekuwa na kichekesho, ni kwamba watu wengi hudhani makanisa yetu yaliambukizwa ukabila na wanasiasa, ilhali ramani ilichorwa na watu waliokuwa na Biblia mkononi na nia njema moyoni.

Juu ya ramani hiyo ikaja ardhi. Nyanda mlizopo zilitwaliwa na walowezi, na uhuru ulipokaribia zikaanza kugawanywa kwa mipango ya makazi na kununuliwa na makampuni ya kununua mashamba, ambamo familia nyingi za Kikuyu, ambazo nazo zilikuwa zimepokonywa ardhi kwao, ziliweka akiba zao zote. Mkalenjin mzee akitazama shamba lile lile anaona malisho ya babu yake ambayo hakuna aliyemuuliza kabla hayajauzwa. Nasema hivi nikijua nyumba yako ilichomwa, na sisemi kwamba kisa kimoja kinahalalisha kingine. Nasema kwamba ninyi wawili mnaoshikana kikombe mna kalenda mbili. Ya kwako yaanza Januari 2008. Ya kwake huenda yaanza kabla hajazaliwa, na huenda inapita pia Nakuru na Naivasha mwishoni mwa Januari ile ile, ambako vijana wa upande wetu waliwageukia Wajaluo na Wakalenjin kwa kisasi. Kisha kila baada ya miaka mitano wanakuja watu wanaozijua kalenda zote mbili kuliko wachungaji wetu, nao hutumia maneno mepesi kama "madoadoa" na "kwekwe", ambayo kila mtu Bondeni ajua yanamaanisha nani: jirani wa kabila jingine.

Sasa nije kwa mchungaji wenu, ambaye simhukumu, kwa sababu nilikuwa yeye. Mwaka 2008, wiki chache baada ya mapatano ya kisiasa ya Februari 28 yaliyozima ghasia zile, nilihubiri katika ushirika mmoja wa Bondeni juu ya Waefeso sura ya pili, mahali Paulo anaposema kwamba Kristo amekibomoa kiambaza cha kati kilichotutenga. Nilidhani nimehubiri vizuri. Watu walilia, wakakumbatiana. Nje, bibi mmoja mzee alinisubiri karibu na tangi la maji, akanishika mkono, akasema: "Mahubiri mazuri, mchungaji. Lakini mlango wangu uko jikoni kwa jirani." Sikumwelewa. Akanieleza kwamba nyumba yake iliporwa kabla ya kuchomwa, na kwamba mlango wake wa mbao, aliochorewa ua na fundi mwaka aliozaliwa kitinda mimba wake, ulikuwa umetiwa kwenye jiko la nyumba ya tatu kutoka kwake. Kila asubuhi akienda kuteka maji aliuona. Mke wa nyumba ile aliimba naye kwaya moja, sauti moja, ya pili.

Nimewahi kusoma vitabu vingi kuhusu upatanisho, na hakuna kilichonifundisha kama mlango ule. Nilikuwa nimemwomba bibi yule awe mmoja na watu ambao walifungua na kufunga mlango wake kila siku, na sikuwa nimewaomba wao chochote isipokuwa kulia kidogo. Nabii Yeremia aliwalaumu makuhani wa wakati wake kwa kuiponya jeraha ya watu kwa juujuu tu, wakisema amani, amani, wala hapana amani. Mchungaji anaposema "tusifukue", mara nyingi anaamini anazika. Lakini kilichozikwa kikiwa hai hakikai. Na kunyamaza hakumlazi kila mtu kwa usawa: humpumzisha aliyechukua, humchosha aliyechukuliwa.

Hata viongozi wakuu walilazimika kulikiri hilo. Februari 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa Kenya liliomba radhi hadharani, likikubali kwamba viongozi wa makanisa waliegemea pande za kisiasa na hivyo wakakosa sauti ya kuwaonya watu. Ilikuwa radhi ya kweli, nami naiheshimu, ila ilitolewa juu, na haikushuka vizuri hadi kwenye mabenchi ya miji midogo kama wenu.

Kuhusu kikombe, basi. Nakujibu waziwazi: mkono unaotetemeka haukufanyi usiwe Mkristo. Mwili una kumbukumbu yake isiyopitia katika akili. Ulisikia sauti fulani usiku ule, lugha fulani, harufu ya moshi wa mabati na godoro, na mwili wako ukajifunza kwamba sauti hizo ni hatari. Miaka imepita lakini haujaambiwa kwa namna unayoielewa kwamba hatari imekwisha. Kumwambia mwili huo "samehe" ni kama kumwambia mguu uliovunjika "tembea". Kusamehe ni uamuzi mbele za Mungu kwamba hutalipiza na hutamtakia mabaya aliyekutenda, na uamuzi huo waweza kuufanya leo, ukarudia kesho, huku mkono ukiendelea kutetemeka. Kupatana ni jambo jingine, la watu wawili, linalohitaji ukweli usemwe na kilichochukuliwa kitajwe. Makanisa yetu yamezoea kudai la pili kutoka kwa mtu mmoja peke yake, na karibu kila mara huyo mmoja ni yule aliyeumizwa.

Tazama tena maneno ya Bwana katika Mathayo 5, yale ya kuiacha sadaka madhabahuni. Tumeyasikia yakielekezwa kwa mwenye kinyongo, eti asishiriki mpaka kinyongo kiishe. Sivyo yalivyoandikwa. Anayeambiwa aiache sadaka aende ni yule anayekumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, yaani mdaiwa, wala si mdai. Ni kweli kwamba Mathayo 18 humtuma pia aliyekosewa kwenda kwa mkosaji, sitaki kukuficha hilo. Lakini humtuma kwenda kuzungumza, na asiposikilizwa aende na mashahidi. Hakuna mahali anapoambiwa ajifanye hakuna kilichotokea.

Lakini kuna neno moja katika barua yako ambalo lazima nilirudishe kwako kwa upole: "Sijui kama alikuwepo." Umeishi miaka yote hii na mtu ambaye huenda ana hatia na huenda hana, na umempa nafasi ya kusimama badala ya wote. Hiyo ndiyo kazi ya ukabila katika chembe yake ndogo kabisa: kumfanya mtu mmoja awe sampuli. Inawezekana alikuwa Nakuru akimficha mtoto wa jirani Mkikuyu chini ya magunia ya mahindi. Walikuwepo waliofanya hivyo. Inawezekana nduguye aliuawa Naivasha. Inawezekana pia alikuwepo kwenu. Hujui, na kutojua huko kunamtesa mkono wako zaidi ya jibu lolote. Nitasema baadaye namna ya kulitafuta jibu hilo, kwa sababu si jambo la kuulizwa kwenye foleni ya Ushirika Mtakatifu, wala la kuulizwa na mtu aliye peke yake. Kwa sasa, ikiwa kikombe kutoka mkononi mwake ni kizito mno, mwombe mchungaji faragha akupitishie mwingine kwa muda, na umwambie sababu. Kufanya hivyo si kususia Meza. Ni kumpa mchungaji habari ambayo anaihitaji hata kama haitaki.

Pendekezo la ibada mbili nimelipima kwa muda mrefu, maana lina sura mbili. Lugha ya mama si dhambi. Siku ya Pentekoste kila mtu alisikia kwa lugha aliyozaliwa nayo, na Roho hakuwataka kwanza wajifunze Kiebrania. Nyanya wa miaka 80 ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni ana haki ya kumlilia Mungu kwa lugha aliyomlilia mamaye, na makanisa mengi nchini yana ibada ya asubuhi kwa lugha ya mama na ya pili kwa Kiswahili, na hakuna aliyekufa. Kama pendekezo limetoka kwa wazee wasioelewa mahubiri, ni la kusikilizwa.

Ila barua yako haisemi wazee hawaelewi. Inasema "ili watu wawe huru", na hapo ndipo masikio yangu yanaposimama. Huru kutokana na nini? Mwaka 1857 sinodi ya Kanisa la Kiholanzi la Reformed kule Afrika Kusini ilikabiliwa na waumini wazungu waliokuwa hawataki kushiriki meza moja na waumini weusi. Sinodi ilikiri kwamba Maandiko yanataka wote waabudu pamoja, kisha ikaruhusu watengane pale ambapo "udhaifu wa baadhi" ungezuia kazi ya Injili. Ilikuwa ruhusa tu, ya huruma, ya kuwastahimili wadhaifu. Mwaka 1881 ikazaliwa kutokana nayo sinodi nzima ya kanisa tofauti kwa ajili ya watu wa rangi. Karne iliyofuata wanatheolojia wakaandika kwamba utengano ndio mapenzi ya Mungu, na serikali ya kibaguzi ikapata baraka. Ilibidi kanisa lile la waliotengwa likutane Belhar mwaka 1982, liandike ungamo la imani kwamba umoja wa kanisa lazima uonekane kwa macho, na kwamba kuutenganisha kwa misingi ya rangi ni kuikana Injili. Wakalipitisha rasmi mwaka 1986. Miaka 125 ilipita kutoka ruhusa ile ndogo hadi Belhar. Sidhani wajumbe wa 1857 walikuwa watu wabaya. Nadhani walikuwa wamechoka, kama halmashauri yenu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: ibada mbili zaweza kuwa busara ikiwa vitu fulani vitabaki kimoja bila mjadala, navyo ni Meza ya Bwana, kapu la sadaka, halmashauri, na mazishi. Pendekezo likija na akaunti mbili za benki, likatae. Likija na ushirika wa meza mbili, likatae kwa nguvu zaidi. Na likija bila mambo hayo, bado uliza kama si kweli kwamba mnataka kuuhalalisha mti wa kila upande kwa kuupa saa yake.

Nakuomba pia usome upya Matendo ya Mitume sura ya sita, kwa jicho la mjumbe wa halmashauri. Kanisa la kwanza kabisa, likiwa bado na mitume kumi na wawili hai, liligawanyika kwa lugha. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika mgawo wa kila siku, na manung'uniko yakatokea. Mitume hawakuhubiri juu ya umoja. Hawakusema tuombe tu. Hawakuanzisha meza mbili pia, ingawa ingekuwa rahisi. Waliwaambia watu wachague wanaume saba wa kusimamia mgawo, na majina ya wale saba yote ni ya Kiyunani: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timona, Parmena, na Nikolao mwongofu wa Antiokia. Yaani ufunguo wa ghala alipewa mlalamikaji. Nimeisoma sura hiyo katika semina nyingi Bondeni na kila mara kuna mtu anayetabasamu kwa namna ya pekee, kwa sababu anajua hasa ni nani mwenye ufunguo katika ushirika wake, mweka hazina anatoka nyumba gani, na fedha za harambee ya mwisho zilijengea nani choo.

Kuhama kanisa sitakutaja kwa wingi wa maneno. Ikiwa kuna hatari kwa maisha yako, hama, wala usiombe ruhusa kwa mtu. Bila hatari, kuhamia ushirika wa "watu wetu" kutakupa nafuu ya wiki sita hivi, kisha utagundua kwamba watu wetu nao wana pande.

Kuhusu kuzungumza, tuna mwalimu wa nyumbani. Marehemu Askofu Cornelius Korir wa jimbo katoliki la Eldoret, Mkalenjin, aliyeaga dunia Oktoba 2017, aliwafungulia maelfu ya waliokimbia, wengi wao Wakikuyu, uwanja wa kanisa kuu lake mapema 2008, katika siku zile zile ambazo watu walichomwa ndani ya kanisa la Kiambaa, karibu na mji huo. Baada ya moto kuzima hakukimbilia kuwakutanisha watu. Kazi yake na ya wenzake ilianza kwa kumwendea mtu mmoja mmoja, kisha makundi madogo, kisha kila jamii peke yake, ili watu waseme machungu yao mbele ya wenzao na waonyane wenyewe kwa wenyewe, kwa maana kuna maneno ambayo kijana huyakubali kutoka kwa mjomba wake tu. Walikula pamoja kabla ya kuanza kujadiliana. Jamii mbili zilipokutana, zilikuwa na orodha ya malalamiko iliyosemwa na kusikilizwa, na mwisho wake yalikuwa mapatano na kazi ya mikono: barabara, josho la ng'ombe, kitu ambacho hakuna upande ungeweza kukitumia bila mwingine. Nimeketi katika vikao vya mtindo huo. Katika kimoja, chai ya siku ya kwanza haikunyweka, kwa kuwa kila upande ulikuja na chupa yake ya chai kutoka nyumbani, zikawekwa mezani mkabala kama mizinga. Kikao cha tatu kina mama walisahau chupa, au walijifanya wamesahau. Siwezi kukuambia ni kipi.

Utaratibu huo ni polepole, na una masharti. Usianzwe miezi michache kabla ya uchaguzi. Agosti 2027 haiko mbali, na mkianza mwanzoni mwa mwaka huo mtakuwa mnapalilia wakati wa mvua ya mawe. Usiongozwe na mtu wa upande mmoja, wala na mwanasiasa, hata akiwa mshirika mwaminifu na hata akitoa mabati. Na kabla haujaanza kila mtu ajue kwamba mambo ya jinai na ya hatimiliki hayatafutwa kwa maombi. Akitokea mtu akakiri alichoma, au ikibainika shamba la mtu limekaliwa, hiyo ina ofisi zake, na kanisa likijifanya mahakama litaumiza wote wawili. Swali lako kuhusu mzee wa kikombe mahali pake ni humo, katika kundi dogo, baada ya milo kadhaa, ukiwa na mtu unayemwamini kando yako. Huenda yeye pia ana swali kwako.

Sasa yale ambayo barua haiwezi kuyatibu. Ukiwa huwezi kulala, ukiota moto ule, moyo ukienda mbio usikiapo kelele usiku, au ukiona unaanza kukwepa kanisa, soko na watu, tafuta mshauri nasaha au daktari ana kwa ana. Hospitali za kaunti hutoa huduma hiyo au hukuelekeza inakopatikana, na majimbo mengi ya kanisa yana washauri waliofunzwa. Hilo si upungufu wa imani, ni jeraha, na jeraha la aina hiyo hutibika hata baada ya miaka mingi. Vikianza kuonekana vikaratasi vya vitisho, au vijana wakianza kuhesabu nyumba, nenda kwa chifu na polisi siku hiyo hiyo, na taarifa ifike pia kwa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, usingoje Jumapili. Na kwa upatanisho wenyewe, ombeni msaada nje ya ushirika wenu, kutoka ofisi ya dayosisi au presbiteri yenu, au kwa watu wa Tume ya Haki na Amani wa parokia jirani, hata kama si dhehebu lenu. Mchungaji wenu hawezi kuwa mgonjwa na daktari.

Kabla ya kikao cha halmashauri kitakachojadili pendekezo, mwombe katibu daftari la kumbukumbu za miaka kumi iliyopita, ukae nalo jioni moja mezani kwako. Hesabu nani amekuwa mweka hazina, nani mwenyekiti wa ujenzi, nani amebeba ufunguo wa stoo, na ni mazishi ya nyumba zipi ambayo halmashauri nzima ilihudhuria na yapi ilipeleka mjumbe mmoja tu na bahasha. Ukigundua upande wako ndio umeshika vingi, na nina hisia kwamba waweza kugundua hivyo, peleka hesabu hiyo kikaoni wewe mwenyewe kabla upande ule haujaileta.

Na bibi wa mlango, kama unataka kujua: mlango ulirudi usiku, mwaka uliofuata, ukaegemezwa kwenye ua wake bila kitasa. Hakuna aliyeuliza nani ameuleta. Nilipomtembelea mara ya mwisho ulikuwa bado umeegemea palepale, na alikuwa ameanika mahindi juu yake.